Ng'ombe wa Baba Ndani ya Kompyuta Safi

Mume wangu aliifunika kompyuta mpya kwa kitambaa cheupe cha kufuma, kile mama yake alichotupatia siku ya harusi, kisha akanigeukia. "Mama, sikia muzuri. Hii mashine iko safi. Hakuna mutu ataingiza disketi yake humu mbele mi sijajua."

Aliniita Mama mbele ya wateja na hata tukiwa wawili tu, ndivyo wanaume wa kwao walivyo. Mimi nilizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, kwa wazazi wakimbizi, nikaja Gisenyi, Rwanda, nikiwa mtu mzima, na Kiswahili changu kiliwachekesha watu wa mtaani. Walisema naongea kama redio. Basi nikamjibu kwa hicho Kiswahili cha redio kwamba nimesikia, ila kitambaa hakizuii virusi. Hakucheka. Siku hizo kwa habari ya ile mashine alikuwa hataniwi.

Tulikuwa na duka la kuchapa na fotokopi, chumba kimoja kinachotazama barabara ya kwenda Grande Barrière, kwenye mpaka wa Goma, na nyumba yetu ilikuwa nyuma yake, uani. Ilikuwa miaka ile ya mwisho ya tisini. Milimani risasi zilikuwa bado zinalia, na taksi ya Kanama ikichelewa kidogo tu watu walianza kuulizana kwa macho. Lakini mjini watu walioa, walifungua maduka, walitafuta kazi, na wote hao walitaka karatasi iliyochapwa vizuri. Ndiyo iliyotulisha.

Kompyuta ya kwanza tuliinunua Goma, kwenye ofisi moja ya misaada iliyokuwa inafunga virago. Ilikuwa imegeuka rangi ya manjano na ikiwashwa ilinguruma, lakini ilifanya kazi. Ya pili ilikuja mpya kutoka Kigali, ndani ya boksi lake. Fundi mmoja wa Goma, kijana mtanashati mwenye kalamu tatu mfukoni, alivuka mpaka akaja kuipanga. Alikaa nayo siku nzima akiingiza disketi moja baada ya nyingine, anakunywa chai yetu, anapiga miluzi. Alipomaliza aliunganisha na printa, akaweka na programu ya kuua virusi.

"Bon," alisema. "Saa hii iko safi, haina kitu. Lakini hii dawa inajua tu magonjwa ya jana. Ya kesho haiijue. Donc, disketi ya mutu musiyemujua, musiingize. Virusi inapitia mule."

"Na kama mutu analeta kazi yake ndani ya disketi?" mume wangu aliuliza.

"Mumukatalie."

Akachukua begi lake akaenda zake. Kusema mumkatalie ni rahisi kwa mtu anayevuka mpaka jioni ileile.

Kwetu huwezi kumkatalia mtu hivyo. Mtu akikunyooshea kitu kwa mkono wake nawe ukakataa kukipokea, umemwambia mbele ya watu kwamba yeye ni mchawi, kwamba amekuja kukuua. Habari ya sumu ni habari nzito pande hizi, haichezewi. Ndiyo maana anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele yako, awe mama yako mzazi. Pombe, maziwa, chai, ni vilevile. Chupa hufunguliwa ukiiona kwa macho yako. Mwenyeji anapiga funda moja, anameza, anakupa, nawe unakunywa kwa amani. Hakuna aliyemshuku mwenzake na hakuna aliyeaibika. Mimi niliyelelewa na Wanyarwanda ugenini nilikuta desturi hiyo hata Karagwe, kwenye nyumba za nyasi, maziwa yenyewe yakiwa kikombe kimoja.

Sasa mume wangu alikaa akawaza siku mbili tatu, kisha akaja na jibu. Alikuja nalo akitabasamu. Kompyuta ya zamani itaonja.

Ilikuwa hivi. Mteja anakuja na disketi yake. Mume wangu anaipokea kwa mikono miwili, kwa heshima zote, anaiingiza kwenye ile ya zamani mbele ya mwenyewe. Anafungua kilichomo, wanakitazama pamoja. Wanasubiri kidogo, muda wa kunywa kikombe cha chai. Mashine ya zamani ikiendelea vizuri, isizime, isilete maandishi ya ajabu, basi disketi ni nzuri, inatolewa na kupelekwa kwenye ile mpya, ambayo ndiyo yenye printa. Wateja walipenda sana. Mwalimu mkuu mmoja alimwambia mume wangu kwamba huo ndio ustaarabu, kwamba Kigali wangekutazama tu kwa dharau wakakurudishia disketi yako. Mjini wakaanza kuiita ile ya zamani Muonjaji. Watu walipita tu kumsalimia Muonjaji.

Na mimi pia niliona ni sawa. Nani asingeona sawa? Mengine ndiyo yaliniudhi. Aliwavulisha watu viatu mlangoni. Katibu wa shule mwenye mafua alimwomba asimame nje aongee kupitia dirishani. Aliandika kwa kalamu nene ubaoni, kwa Kinyarwanda, Kifaransa na Kiswahili, kwamba ni marufuku kugusa, na mimi mwenyewe, mkewe, ninayechapa kutwa nzima hapo, nikitaka kuingiza disketi tupu kutoka sokoni nilitazamwa kama mwizi. Nina hasira za karibu, sifichi. Tuligombana mara nyingi juu ya ile mashine kuliko juu ya kitu kingine chochote katika ndoa yetu.

Sasa nimseme baba yangu, maana hayo yote yalikuwa juu yake, ingawa mwanzoni hatukujua.

Baba alizaliwa Mudende, milimani juu ya Gisenyi, kwenye majani na ukungu. Babu yangu alikuwa na ng'ombe wenye pembe ndefu, na alikuwa hodari wa kuwatungia sifa. Kwetu ng'ombe mzuri hatajwi hivihivi. Anatungiwa maneno yake, mistari mirefu, anasemwa kama shujaa wa vita: alikotoka, mama yake ni nani, alisimamaje siku wengine walipokimbia. Babu aliwatungia ng'ombe wake wote, mmoja baada ya mwingine, vizazi vitatu. Kisha nyumba zikachomwa, watu wakakimbia, ng'ombe wakachinjwa na kuliwa. Baba alifika Karagwe kijana asiye na kitu mkononi, lakini maneno alikuwa nayo yote kichwani. Kuandika hakujua. Alipaswa kuwafundisha kaka zangu wawili, na alianza kuwafundisha. Wote wawili walikufa vitani. Mimi nilikuwa msichana. Niliyasikia nikiwa nateka maji, nikiwa nasonga ugali, nilisikia mlio wake tu, maana hakuna aliyenitaka niyajue.

Tuliporudi aliishi nasi pale uani. Alimpenda mume wangu licha ya tofauti ya dini, kwa sababu upande wa mume wangu walileta ng'ombe wa mahari mwenyewe, mzima, mwenye mimba, hawakuleta bahasha ya pesa. Kisha asubuhi moja alianguka akichota maji ya kunawa. Aliinuka, lakini mkono wa kushoto ulikuwa umekufa. Daktari alituambia pembeni kwamba ni pigo la presha, na kwamba lingine litakuja, na hilo litakuwa kubwa zaidi.

Sisi hatukumwambia. Alijua mwenyewe. Ijumaa iliyofuata, mume wangu akiwa msikitini na duka likiwa tulivu, Baba aliingia kwa fimbo yake, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Mwanangu," alisema, na alisema kwa Kinyarwanda, maana hatukuwahi kuzungumza kwa lugha nyingine, "hiyo mashine inaweza kushika maneno?"

Nikamwambia inaweza.

"Haiongezi ya kwake?"

"Haiongezi, Baba."

"Watu huongeza. Mdogo wangu alikuwa anaongeza."

Akafumba macho, akaanza. Nami nikachapa. Sijawahi kuchapa hivyo tena. Aliposema mstari alinyamaza akangoja vidole vyangu vinyamaze, kisha akaendelea. Ijumaa ya pili alinitaka kwanza nimsomee ya Ijumaa ya kwanza. Nikamsomea kwenye kioo cha mashine. Alisikiliza ameinamisha kichwa, na nilipomaliza alinitazama kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama tangu nizaliwe. Ilikuwa imeshika kila neno. Kisha akacheka, mzee yule, akapiga goti lake kwa mkono mzima.

Walikuwa ng'ombe wengi. Kulikuwa na yule aliyekataa njia ya wenzake akafuata ya kwake, na mvua ikawapiga wenzake. Kulikuwa na yule ambaye pembe zake zilionekana mlangoni kabla yeye hajafika. Kulikuwa na mama yao, aliyesimama mtoni wengine walipogeuka, na maneno yake yalikuwa marefu kuliko ya wote, na Baba alipoyasema sauti yake ilirudi ya kijana. Ninayaeleza kwa mbali hivi kwa sababu ndicho nilichobaki nacho. Mistari yenyewe ilikuwa na mdundo, neno moja likilivuta lingine, na huwezi kuligusa moja usiharibu yote. Hilo nililijua nikichapa.

Nilitaka kuweka nakala kwenye disketi. Nilimwambia mume wangu jioni, kwa upole kabisa, maana nilitaka kitu.

"Hapana," alisema.

"Disketi mpya. Nitainunua ikiwa kwenye karatasi yake."

"Pale sokoni wanazifungia karatasi upya, we hujui? Zilishapita kwenye mikono ya watu wote wa Goma. Ninyi mutaniletea ugonjwa ndani ya nyumba."

"Tuionje basi, kama za wengine."

"Za wengine ni kazi, hatuna namna. Ya Muzee iko ndani, iko salama. Nani alitoa mutoto kwenye joto akamupeleka kwenye baridi ili apone? Kile kitu kiko pahali safi kuliko pote mujini. Uache pale."

Maneno hayo yalizidisha hasira yangu. Aliamini. Hakufanya kwa ubaya, mimi ndiye shahidi wake. Alimheshimu baba yangu kuliko alivyowaheshimu ndugu zake, na kila asubuhi kabla ya kuwasha alifuta vumbi kwenye ile mashine kwa mkono wake, akisema vumbi la volkano linaingia popote. Alikuwa anawalinda ng'ombe wa mkwewe.

Basi nikasema tuchape kwenye karatasi. Hapo aliyekataa ni Baba.

"Umefika wapi?" aliniuliza.

"Nusu, labda kidogo zaidi."

"Ng'ombe hawaingii zizini nusu," alisema. "Ukifunga lango nusu wakiwa nje, umewapa fisi. Ngoja waingie wote."

Nikangoja. Ijumaa zikapita. Wateja walikuja na disketi zao, Muonjaji akaonja. Umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena, na mashine zilijizima na kujiwasha na chochote kilichokuwamo ndani. Mpaka ulikuwa wazi wiki hii, wiki ijayo umefungwa, na fundi aliyesema ataleta dawa mpya ya virusi hakuonekana. Mimi nilichapa kadi za harusi asubuhi na ng'ombe wa babu mchana wa Ijumaa.

Siku aliyomaliza hakuonyesha shangwe yoyote. Alisema mstari wa mwisho wa ng'ombe wa mwisho, ndama jike aliyezaliwa wiki waliyokimbia, aliyetungiwa maneno mafupi tu kwa sababu babu hakupata muda. Akasema, "Funga lango." Akaomba maziwa. Nilionja, nikampa, akanywa yote.

Siku ya nne baada ya hapo lile lingine likaja. Tulimkuta kitandani macho wazi, upande wote wa kushoto umekwenda, na kinywani hakukutoka kitu ila sauti moja ya kukwama. Hospitali walikaa naye wiki mbili wakaturudishia. Alikuwa anasikia. Alikuwa anatujua. Alikuwa anainua mkono wa kulia kidogo tu, vidole vinne pamoja, na hicho ndicho kilichobaki kuwa mdomo wake.

Nilikuwa na jambo moja la kujituliza nalo, nami nilijituliza nalo kila saa. Maneno yapo. Nilimwinamia nikamwambia sikioni, "Baba, wote wako ndani. Nitakusomea." Machozi yalimtoka, akainua ule mkono.

Nikataka kuyachapa siku ileile, nimpelekee kitandani. Wino wa printa ulikuwa umeisha tangu wiki ile aliyofunga lango. Wino ulitoka Kigali, na barabara siku hizo mtu alikuwa anaipita kwa sala. Mume wangu alikwenda mwenyewe. Sitamnyima hilo. Alikwenda kwenye basi asubuhi, akalala huko kwa jamaa, akarudi jioni ya kesho yake na kile kiboksi cha wino ndani ya koti, karibu na moyo. Alikuwa amechoka na giza limeingia na umeme hakuna. "Kesho asubui," alisema. "Kitu ya kwanza."

Asubuhi nilitoa kitambaa. Nikawasha. Iliguna, kioo kikawa cheusi, yakatokea maneno mawili matatu ya Kiingereza kwenye kona, basi. Nikazima. Nikawasha. Mume wangu akanisogeza pembeni akazima akawasha yeye. Ya pembeni, Muonjaji, ilikuwa inanguruma vizuri kabisa. Nilikaa chini sakafuni. Nakumbuka nilikuwa natazama viatu vyetu mlangoni na kusikia nyuma yangu kitufe kikibonyezwa, tena na tena, na mume wangu akisema taratibu, "Yallah, yallah."

Fundi tulimpata siku kadhaa baadaye. Mume wangu alivuka akamfuata mwenyewe, akaja naye. Fundi alikaa na ile mpya muda, bila miluzi safari hii, kisha akasogea kwenye ile ya zamani. Akaingiza disketi yake ya dawa, iliyo mpya. Akatazama. Akauliza, "Hii mulikuwa munaifanyia nini?"

Mume wangu akamweleza. Alieleza kwa fahari kidogo bado, maskini, jinsi kila disketi ilivyoonjwa kwanza, hata moja haikupita bila kuonjwa.

Fundi alivua miwani. Alitueleza polepole, na kwa mara ya kwanza nilimwona akiona haya kwa ajili ya watu wengine. Ile ya zamani ilikuja na virusi kutoka kule ilikonunuliwa. Ilikuwa nayo tangu siku ya kwanza. Kila disketi iliyoingia mle, hata iliyokuwa safi, ilitoka nayo. Kisha tukaichukua kwa mikono miwili tukaipeleka kwenye ile mpya. Umeme ulipokatika disketi ikiwa imo ndani, ukarudi, mashine ilianza kwa kuisoma ile disketi, na hapo ugonjwa ukaingia ukakaa kimya. Ulikuwa unangoja siku yake kwenye kalenda. Siku ikifika unafuta kila kitu.

"Na hii?" mume wangu akamwonyesha Muonjaji. "Mbona hii haikufa?"

"Hii betri yake ya ndani ilikufa zamani," fundi alisema. "Haijue siku. Kila unapoiwasha inafikiri iko mwaka wa makumi nane, tarehe moja. Ile siku haiwezi kuifikia hata mukae miaka mia."

Nje watu walikuwa wanapita kwenda mpakani na mizigo yao kichwani. Nilimuuliza fundi swali moja tu, kama yale yaliyokuwamo yanaweza kurudi. Alisema Kigali labda, Nairobi labda, lakini yeye ametazama na haoni kitu, imeandikwa juu yake sifuri tupu. Maji yamemwagika. Alisema hivyo, "Maji imemwagika, mama," na nilimchukia kwa kusema kweli.

Aliipanga upya. Alikuwa mtu mwema. Aliingiza disketi zake moja baada ya nyingine, akaweka dawa mpya, na jioni akafuta kioo kwa mkono wa shati. "Iko safi tena," alisema. "Sasa muichunge."

Nilicheka. Nilicheka kwa sauti mbaya hata mume wangu akaniogopa. Kisha nilichukua kile kitambaa cha mama yake nikakitupa uani, nikasema maneno ambayo mwanamke haambii mumewe mbele ya mgeni. Mume wangu alikwenda akakiokota, akakaa nacho mkononi kwenye kizingiti, mpaka fundi alipoaga. Watu husema kikulacho ki nguoni mwako. Nilitaka kikulacho kiwe yeye, ingenirahisishia, lakini haikuwa hivyo, na nilijua hata nikipiga kelele.

Kwa Baba ilibidi niingie. Nilikuwa nimemdanganya siku hizo zote kwamba wino haujafika. Nilikaa kitandani nikamweleza. Sijui kama alielewa habari ya kalenda na betri. Alielewa kwamba ng'ombe hawapo. Aligeuza uso ukutani na hakula siku hiyo wala iliyofuata.

Sasa nikajaribu lililobaki. Nilichukua karatasi nikaandika kila nilichokumbuka kwa kuchapa, vipande, mwanzo wa huyu, mwisho wa yule. Kila siku baada ya kufunga duka nilikaa naye nikamsomea. Tulikuwa na mkataba. Nikikosea anainua vidole. Nikipatia anaacha mkono ukae, anafumba macho kukubali. Aliinua vidole karibu kila mstari. Nikajaribu neno jingine, anainua. Jingine, anainua, na uso unamjaa damu, na ile sauti ya kukwama inatoka, maana neno lenyewe alikuwa nalo pale kwenye ulimi na ulimi haukwenda. Ilikuwa mateso. Mume wangu alinisihi niache. Niliona anamwonea huruma Baba, nami nikamwambia anyamaze, yeye asiseme lolote. Mara mojamoja nilipatia. Macho yalifumba taratibu, na nilihisi nimemvuta mmoja kwa pembe nikamrudisha ndani. Nilikuwa naweka alama pembeni ya karatasi kwa mstari ambao Baba ameukubali.

Miezi ilikwenda. Alama ziliongezeka. Vidole vilianza kuinuka mara chache zaidi, na nilifurahi, nikasema nimeanza kuushika mdundo, damu ya babu imo ndani yangu hata kama sikufundishwa. Nilimwambia mume wangu hivyo siku moja tukila. Ilikuwa mara ya kwanza kuzungumza naye vizuri tangu ile asubuhi. Alifurahi mpaka akashindwa kumaliza chakula.

Siku moja jioni nilimsomea ng'ombe mzima, yule mama yao wa mtoni, toka juu hadi chini. Baba hakuinua kidole hata mara moja. Alifumba macho kila mstari. Nilikuwa nimeandika mingi kwa kubahatisha, nilijua mwenyewe ni mingi. Nikageuza karatasi. Nikatunga wangu palepale, ng'ombe mweusi asiye na pembe, aliyenunuliwa sokoni na mtu mlevi, aliyekuwa anakula sabuni. Babu asingemruhusu ng'ombe wa aina hiyo hata apite karibu na zizi lake. Nilimsomea kwa sauti ileile, taratibu, nikingoja vidole.

Mkono ulikaa pale juu ya blanketi. Baba alifumba macho kukubali, akatabasamu kwa ule upande uliokuwa bado unatabasamu.

Nikachukua zile karatasi nikazitazama, alama kwa alama. Sikuweza kujua ni mstari upi aliukubali akiukumbuka, na ni lini alianza kunikubalia tu kwa sababu ni mimi.